Mapipa ya Kijani ya Baraka

Siku mapipa ya kijani yaliposhushwa kwenye mchanga wa bandari ya Baraka, watu walikimbilia kuona ni bia ya aina gani. Walipokuta yako matupu walicheka mno, na mama mmoja muuza ndizi akasema kwamba serikali sasa imeendelea kweli, inatuletea hata kiu. Jocelyne Nzohabonayo alicheka pamoja nao. Alikuwa ameyangojea mapipa hayo kuliko mtu yeyote aliyesimama pale, na hakukuwa na dhihaka ambayo ingeweza kumharibia asubuhi ile.

Alikuwa binti wa Kirundi. Alifika Lusenda angali mtoto, ameshika mkono wa shangazi yake, mwaka ule kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa huko. Alisoma kambini, akapata nafasi ya kusomea mazingira huko Uvira, na kazi yake ya kumaliza masomo aliiandika juu ya jambo ambalo wenzake waliliona la mbali sana: jinsi mataifa yalivyoanza kuzibana meli kwa ajili ya maji. Aliandika jinsi meli kubwa zilivyomwaga mafuta machafu baharini miaka nenda miaka rudi, mpaka nchi zikakubaliana kuwa meli itabeba uchafu wake hadi bandarini, la sivyo haitapokelewa. Na sasa sheria za namna hiyo zilikuwa zimepanda kutoka baharini mpaka ziwa Tanganyika. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikuwa zimepatana kwamba boti yoyote ya mashine inayovusha mizigo mpakani itunze mafuta yake machafu na kuyakabidhi. Bandari isiyo na pa kuyapokea, boti zake zingezuiwa kutia nanga ng'ambo.

Baraka bila ng'ambo ingekuwa nini? Mawese na mihogo huvuka kwenda. Chumvi, sabuni na mabati huvuka kurudi. Kwa hiyo shirika dogo la mazingira lilipomwajiri Jocelyne awaeleze wenye boti sheria hiyo kabla wageni wa nchi nne hawajaja kuikagua bandari, alijua amepewa kitu kizito kuliko kazi. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba ziwa lingeweza kusafishwa na watu wakabaki na chakula chao. Hakuona kwa nini iwe moja tu kati ya hayo mawili.

Mkutano wa kwanza ulikuwa mgumu. Wenye boti walikaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, wakamsikiliza kama watu wanaosikiliza mvua. Wa kwanza kusema alikuwa mama Georgette, mwenye boti iliyoandikwa ubavuni *Tutafika*, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ziwani.

"Mutoto," alisema, "hii ziwa inakunywaka mafuta tangu wakati ya babu yangu, na haijatapika hata siku moja. Sasa we unakuya na mapipa. Unataka tuikamue mule?"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine akauliza kama samaki nao watapewa pipa lao la kujisaidia. Hapo ndipo aliposimama Bonaventure, mwenyekiti wa wenye boti, mtu wa makamo, mtulivu, aliyelijua kila jiwe la pwani ile kutoka Kazimia mpaka Uvira. Hakupaza sauti. Alisema huyu binti wamemuona akikua hapa kwao, ni mtoto wa Baraka, na mwenye kumcheka amcheke yeye Bonaventure kwanza. Kicheko kikafa. Jocelyne hakuwahi kusahau jinsi alivyojisikia dakika ile. Katika maisha yake alikuwa ameitwa mkimbizi, mgeni, wa kambini, hata "wale wenu". Mtoto wa Baraka hakuwahi kuitwa. Tangu siku hiyo alimwita papa, na hakumwita kwa adabu tu.

Akapata nguvu, akawaambia neno ambalo baadaye alilikumbuka kila alipofumba macho. "Mukitunza mafuta yenu," alisema, "hakuna muntu atafunga njia yenu. Mi nasema vile mbele yenu."

Lakini boti za mbao zina tabia zake. Zinavuja, hilo si kosa, ndivyo zilivyo, na safari nzima kuna mtu ambaye kazi yake ni kuchota maji kwa dumu lililokatwa na kuyarudisha ziwani. Mashine nayo hukaa nyuma, ndani ya tumbo hilo hilo, ikidondosha mafuta ndani ya maji hayo hayo. Sheria iliandikwa na watu waliozoea meli za chuma. Mtu angesema atunze maji yote yaliyogusana na mafuta, pipa lingejaa kabla hajaipita Lusenda. Walibishana alasiri nzima. Mwishowe waliona ni heri kujenga ukuta mfupi wa mbao kuizunguka mashine, mianya izibwe kwa pamba iliyochovywa lami, ili mafuta yabaki ndani ya ukuta na maji safi yaendelee kuchotwa. Kila boti ilipoteza nafasi ya magunia kadhaa. Mama Georgette aliipima hasara yake kwa jicho tu, akasonya, kisha akawa wa kwanza kujenga. Alisema akicheleweshwa ng'ambo hata mara moja kwa sababu ya pipa, atamvalisha Jocelyne pipa hilo na kumtembeza sokoni.

Mapipa yakaanza kujaa mafuta, pamoja na vipande vya pamba vilivyobanduka kwenye kuta. Bonaventure akajitolea boti yake iyapeleke Uvira, ambako kampuni moja ilikuwa imeahidi kuleta lori la kuyabeba mafuta hadi kwenye matanuru ya kuchomea matofali. Boti iliondoka na mapipa yaliyojaa, ikarudi nayo matupu. Jocelyne alipenda kusimama pale yakishushwa. Aliyagonga kwa kiganja ayasikie yakilia utupu, naye Bonaventure alimtazama akitabasamu, akamwambia asije akaumia mkono kwa furaha.

Wiki ile ambayo wageni walitazamiwa kufika, Jocelyne alipanda pikipiki kwenda Mboko kuongea na wenye boti wa huko. Alipomaliza alipitia kwa Merveille, mkulima wa mihogo aliyemfahamu tangu zamani, enzi Merveille akileta makopa kuuza soko la kambini. Alikaribishwa bugali, ule ugali wa muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, kama kawaida ya nyumba ile. Akamega tonge la kwanza, akalitia mdomoni, na mkono wake ukasimama.

Bugali ilinuka dizeli.

Merveille aliona. Aliinamisha uso kwa aibu ya mwenyeji aliyemlisha mgeni kitu kibaya. Akamwomba asimuone mbaya. Alieleza kwamba ni majuma kadhaa sasa mihogo yao inatoka hivyo. Wameibadilisha sehemu ya kulowekea, haikusaidia. Mwenzake mmoja alikuwa ameurudisha mzigo mzima kutoka sokoni, hakuna aliyeutaka, watoto wake wakaula hivyo hivyo na kuharisha. Wanawake wanasema ni vijana wa Lusenda, wale wakimbizi, wanaoosha pikipiki zao mtoni. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akanyamaza.

Jocelyne aliomba kuonyeshwa. Vidimbwi vya mihogo vilikuwa nyuma ya matete, mahali ambapo maji ya ziwa huingia polepole na kutulia, jua likayapasha. Kutoka mashambani, kijia kinakuleta moja kwa moja. Alikunja kitenge, akaingia. Juu ya maji palikuwa na utando wa rangi rangi, kama shingo ya njiwa, na kila bua la tete lilikuwa limevaa mkanda mweusi. Akaendelea mbele, upande wa ziwa, matete yakimkwaruza mikono. Chini ya mizizi, katika matope, aliona kitu cheupe-cheusi, akakiokota. Kilikuwa kipande cha pamba chenye lami. Karibu yake kulikuwa na kingine, na kingine.

Hakuna boti ya Mboko iliyokuwa na ukuta wa pamba na lami. Hakuna boti ya kokote iliyokuwa nao, isipokuwa za Baraka.

Merveille alimuuliza kutoka ukingoni amepata nini. Jocelyne alijibu kwamba atarudi kumwambia, akaifunga ile pamba kwenye pindo la kitenge.

Fundi wa mashine wa Bonaventure alikuwa Térence, kijana wa Lusenda kama yeye. Alimkuta jioni ile ile ufukweni Baraka, amefungua pampu na kutandaza vipuri vyake juu ya gunia. Hakumzungusha. Alimwekea ile pamba juu ya gunia, katikati ya vipuri. Térence aliitazama, akafuta mikono yake pole pole, kisha akasema naye kwa Kirundi, kwa sauti ya chini. Safari ya kwanza, alieleza, walifika Uvira kweli, wakalingoja lori mpaka wakuu wa bandari wakawafukuza. Hapakuwa na lori. Njiani kurudi mzee Bonaventure alisema matete hula uchafu, tangu zamani yanajulikana hivyo, akaonyesha mahali pa kumwaga. Safari zilizofuata hawakufika Uvira tena. Aliambiwa afunge mdomo kama anapenda kazi.

"Dada, kutoka majini unaona matete tu," alisema. "Sikuwahi kushuka upande ule. Hatukujua kuna chakula cha watu."

Na hilo Jocelyne aliliamini. Wanaume wa boti walilijua ziwa lote kutoka upande wa maji. Miamba, mikondo, mahali pa kujificha upepo ukivuma. Lakini mwanaume wa boti haloweki mihogo. Ukuta wa matete kwao ulikuwa mwisho wa dunia, na kwa wanawake wa Mboko ulikuwa mlango wa jikoni.

Bonaventure alikuwa anakula alipofika kwake. Mkewe alimletea kiti, akamletea na maji ya kunawa, kama mtu wa nyumbani. Jocelyne hakunawa. Alisema alichokiona. Alitumaini, hata alipokuwa anaongea, kwamba papa atashtuka, kwamba atasema Térence ni mwongo, kwamba kutakuwa na maelezo ambayo yeye, kwa ujinga wake, hakuyafikiria.

Bonaventure alimaliza kutafuna. Hakukana.

"Lori haikukuya," alisema. "We ungetaka nirudishe mapipa yenye kujaa, batu baone? Siku ile ile bangevunja kuta zao. Georgette wa kwanza. Nilikuwa nachunga kazi yako, mutoto."

Jocelyne alimuuliza kwa nini hakumwambia yeye.

"Nikwambie, ungeenda kusema. Siku zote uko hivyo, huwezi kuficha kitu." Alisema hilo kwa namna ya upole, karibu ya kumsifu. Akaendelea kumweleza kwamba Alhamisi wageni watayaona mapipa, watapiga picha, watatoa ruhusa. Ruhusa ikishatoka, lori litapatikana. Ndivyo mambo yanavyofanyika. Ya Mboko yatapita na mvua. Kisha akanawa mikono, akaikung'uta, akasema neno la mwisho bila kumtazama.

"Ile siku benyewe banakucheka, nani alisimama? Kama si mimi, leo ungekuwa unauza mandazi kwenye kambi. Usisahau."

Kwa hiyo lile neno lilikuwa mkopo. Mtoto wa Baraka. Jocelyne aliinuka, akamuaga mama wa nyumba kwa heshima, akatoka. Njiani hakulia. Alishangaa kwamba halii.

Siku iliyofuata alikwenda mpaka kwenye ua wa mama Georgette. Alimsikia ndani akimgombeza mtu kuhusu madumu ya mawese, akicheka katikati ya kugombeza. Alijiuliza atamwambiaje mwanamke huyu kwamba mafuta aliyoyakusanya kijiko kwa kijiko yamekwenda kuingia katika bugali ya watu. Je, akimwambia anyamaze? Wakisema wote anyamaze, atapata wapi nguvu ya kuwakatalia? Aligeuka akarudi bila kubisha hodi. Alijiambia kwamba ukweli hauhitaji ruhusa ya mtu.

Alhamisi walifunga turubai ufukweni. Wageni walikuwa wanaume watatu na mwanamke mmoja, kila mmoja kutoka nchi yake, wenye viatu visivyopenda mchanga. Waliyakagua mapipa, wakaingia ndani ya *Tutafika* kuutazama ule ukuta, na yule mwanamke, aliyetoka ng'ambo, akasema hajaona bandari ndogo iliyofanya bidii hivi. Mama Georgette alijifunga upya kitenge chake, akaangalia pembeni asionekane amefurahi. Kisha yule mwanamke akauliza swali rahisi: mafuta haya yanakwenda wapi?

Bonaventure alijibu kwamba yanakwenda Uvira.

Jocelyne akasimama. Alizungumza kwa Kiswahili chake cha shule, na maneno yalikuja moja moja, lakini yalikuja. Alisema hayafiki Uvira. Yamemwagwa kwenye matete ya Mboko, na wanawake wanalowekea mihogo yao humo. Alisema yeye hakujua, na kwamba kutojua kwake hakumsaidii aliyekula.

Kamba za boti zilisikika zikinyooka na kulegea. Bonaventure hakuonekana kushangaa. Aliinuka pole pole kama siku ile ya kwanza, kwa utulivu ule ule uliokuwa umemlinda Jocelyne, akawaambia wageni kwamba ni kweli, ni aibu, yeye mwenyewe amelijua juzi tu. Ni fundi wake Térence. Ni Mrundi wa kambini. Alitumwa kupeleka mapipa, akaona uvivu, akayamwaga njiani. Atafukuzwa. Hawa watu, alisema, unawapa kidole, wanachukua mkono mzima.

Térence alikuwa amesimama nyuma kabisa. Watu waligeuka wakamtazama, na wale waliokuwa karibu naye wakasogea. Jocelyne aliwahi kuuona uwazi wa namna ile ukifunguka kumzunguka mtu.

"Térence hana boti," alisema mama Georgette.

Hakupaza sauti, naye hakuhitaji. "Papa Bonaventure, we njo unashikaka usukani, kila siku, hata mukeo humuachii. Ile siku ya mapipa Térence alipita juu ya maji na miguu?"

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, lakini kilikuwa kicheko kichungu, na kilikatika upesi. Bonaventure alikaa. Wageni waliinamiana wakanong'ona. Mmoja wao, bila ukali, akaeleza kwamba hawana namna. Sheria iko wazi: bandari isiyo na mahali pa kweli pa kupelekea mafuta haihesabiki. Mwezi ujao ukianza, boti za Baraka hazitapokelewa ng'ambo mpaka hapo patakapopatikana, na watakaguliwa upya. Aliposema "upya" hakuna aliyemuuliza lini.

Watu walitawanyika bila kumtukana Jocelyne. Angependa wamtukane. Walimpita. Térence peke yake alimwekea mkono begani, akaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya Lusenda. Baada ya muda kidogo kutoka kwenye boti moja kulisikika nyundo, halafu kutoka nyingine. Walikuwa wanang'oa kuta.

Alimfuata mama Georgette mpaka kwenye *Tutafika*. Alikuwa ameketi juu ya ubao wa mbele, miguu ikining'inia, kitenge kimelowa pindo. Jocelyne alianza kumwambia asante kwa ajili ya Térence. Mama Georgette akamkatiza.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu juzi."

"Juzi." Alilitafuna neno. "Na ukakuya kusema kwa bageni. Mi nikavaa kitenge mupya, nikasimama kama mujinga, banasifu ukuta yangu, na we unajua."

Jocelyne alisema aliogopa angeambiwa anyamaze.

"Ningekwambia unyamaze, ndiyo. Ningekutukana pia. Alafu asubuhi tungeenda Mboko sisi bote, bamama ba boti, tungewaomba samahani bale bamama, na leo ni sisi benyewe tungesema kwa hawa bageni. Pengine bangetupa muda. Pengine hapana." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Bonaventure aliniuza, sawa, ule ni muntu ya biashara. We nilikuwa nakuamini."

Jocelyne alikuwa amejiandaa kwa hasira ya waliopenda uongo. Hakujiandaa kwa huyu, ambaye alistahili kuwa wa kwanza kuusikia ukweli na akasikia wa mwisho, mbele ya watu, kama mtu wa kukamatwa. Siku tatu nzima alijiona kuwa aliyesalitiwa. Ilikuwa kweli. Lakini alikuwa pia ametembea mpaka kwenye ua wa mtu na kugeuka.

Asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki tena kwenda Mboko. Habari zilikuwa bado hazijafika. Huenda zingefika na gari la mchana. Alimkuta Merveille uani na wanawake wawili wa jirani, wakimenya mihogo, maganda yameenea miguuni. Walimsogezea kigoda. Hakukaa.

"Ni mafuta yetu," alisema. "Ya boti za Baraka. Vijana wa Lusenda hawakufanya kitu. Mi njo niliwaambia wayakusanye, na sikufuata kujua yanakwenda wapi. Nimekuja muyasikie kwangu kabla ya wengine."

Kisu cha Merveille kilisimama, halafu kikaendelea, ganda refu likishuka bila kukatika. Mmoja wa majirani alitema mate pembeni. Wa pili alianza kuhesabu kwa sauti vyakula alivyovitupa, akaacha. Hakuna aliyemwambia aondoke, wala aliyemwambia abaki. Mwishowe Merveille aliutupa muhogo uliomenywa kwenye beseni.

"Na bado batakuwa banamwanga mafuta mule?" aliuliza.

Jocelyne alizikumbuka zile nyundo. Neno zuri lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la siku zote, na alijua jinsi ambavyo lingewatuliza.

"Sijui, mama," alisema. "Siwezi kuwaahidi."

Merveille akamnyooshea kisu cha pili, mpini mbele, akasogeza lundo la mihogo kati yao, akamwambia vidimbwi vipya watachimba juu, karibu na mto, na kuna kazi nyingi kabla jua halijawa kali.